Sauti Ifike Kwenye Makoti

Mtu akitaka kunifundisha kitu, asimame mbele yangu. Ndivyo nilivyozoea, na sioni kosa langu liko wapi. Mwalimu wetu wa nyimbo alitufundisha akiwa nje ya mlango. Anakupa wimbo, anakuambia simama katikati ya chumba, kisha yeye huyo anatoka, anafunga mlango, na unasikia viatu vyake vikienda zake kwenye korido, taratibu, mpaka mwisho kabisa, kule kwenye chumba cha kufulia nguo cha jengo. Hapo ndipo unatakiwa uimbe. Unauimbia mlango. Ukimaliza unangoja, viatu vinarudi, mlango unafunguka kidogo, kichwa kinachungulia.

"Haijafika," anasema.

Basi, hakuna la zaidi. Hakuambii koo limebana, wala pumzi imekatika wapi, wala uimbe juu au chini. Haijafika. Nami nimetoka Södertälje, nje ya Stockholm, nimepanda treni hadi mjini, nimeshuka nimepanda ya chini ya ardhi hadi Hallonbergen, theluji imenipiga usoni kutoka kituoni, nije niambiwe haijafika na mzee aliyekuwa amesimama kando ya mashine za kufulia! Jamani. Kuna Jumamosi nilirudi nyumbani naongea peke yangu mpaka abiria wa jirani akahama kiti.

Na ubishi wa mzee yule! Nilimwambia siku moja, "Mwalimu, mashine zilikuwa zinazunguka, ungesikiaje?" Akasema mashine zikizunguka ndiyo vizuri, maana watu ukumbini nao wanakohoa. Nikamwambia basi angalau aache mlango wazi. Akaniangalia kama nimemwomba figo.

Tulikuwa kwaya ya kanisa, ya kuokotezana. Wakongo wa Bukavu na Uvira ndio wengi, Warundi na Wanyarwanda kadhaa, Mkenya mmoja mwenye sauti nzito ambaye akikasirika anahamia Kiingereza, na mimi wa Tanga. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Jumapili tuliimba nyimbo za Mungu kama watu wote. Jumamosi, kuanzia saa nane mchana, tulishuka kwenye ukumbi wa wakazi ulio chini ya jengo la Mwalimu, tukajifunza alichokipenda yeye: michezo ya jukwaani ya Kimarekani, ile ya kuongea, kuimba na kucheza humo humo, ambayo wenyeji wa Stockholm wanaiita musikali. Mchungaji aliruhusu kwa sababu aliona inaleta watu. Watoto wetu walikaa pembeni, ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiswidi, lakini nyimbo zile walizishika kabla yetu.

Mwalimu alikuwa Mkongo. Kila Jumamosi nilimwamkia shikamoo, na kila Jumamosi alinijibu "aksanti." Nilimweleza mara ngapi kwamba jibu lake ni marahaba! Anatikisa kichwa, amekuelewa kabisa, na Jumamosi inayofuata: aksanti. Mimi aliniita Tanzania. "Wee Tanzania, njoo hapa." Yule Mkenya aliitwa Kenya. Mama Neema, Mrundi aliyetunza ufunguo wa ukumbi na kutupikia chai, ndiye peke yake aliyeitwa kwa jina, nadhani kwa heshima ya chai.

Kazi yake ya kumpa mkate ilikuwa makoti. Mjini kulikuwa na jumba la maonyesho lililokuwa likileta musikali hizo msimu baada ya msimu, zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiswidi. Sasa Mswidi haingii kwenye maonyesho na koti lake. Anafika amevaa koti, skafu, kofia, glavu, anavua vyote, anamkabidhi mtu aliye nyuma ya kaunta, anapewa kibati chenye namba. Mtu huyo wa nyuma ya kaunta ndiye alikuwa Mwalimu wetu. Makoti yakishatundikwa na wachelewaji wakishaingia, aliruhusiwa kujipenyeza ndani, akasimama nyuma kabisa karibu na mlango, akaangalia. Saa ikifika, anarudi kwenye kaunta yake, na mengine anayasikia kupitia mlango uliofungwa. Hiyo ndiyo shule aliyosoma. Kwa hiyo kwake sauti nzuri ilikuwa ile inayotoka jukwaani, inapita watu mia kadhaa, inapita mlango, inafika kwenye makoti. "Ile inabakia ndani," alituambia, "ni ya waliokaa mbele. Hao walishakuona. Yako inatafuta mtu ambaye hakuoni."

Mengine aliyasoma kwenye vijitabu vya maonyesho ambavyo watu huviacha vitini. Alikuwa navyo mfuko mzima wa plastiki, na aliubeba kila aendako. Humo ndimo alimowatoa mashujaa wake. Alituhadithia mabibi wa zamani wa Marekani walioimba kabla ya vipaza sauti, sauti ikagonga ukuta wa nyuma ikarudi. Alituhadithia wanaume weusi waliovaa viatu vyenye chuma chini, wakapiga mbao za jukwaa mpaka wazungu wakasimama, na wakimaliza wanatolewa kwa mlango wa jikoni kwa sababu ule wa mbele haukuwa wao. Alituhadithia wasichana wa safu ya nyuma waliojua kila wimbo wa mchezo mzima, wa kila mtu, wakangoja miaka mwenye nafasi augue.

"Hao njo walimu yangu," alisema; njo kwao ni ndio. "Watu ya mlango wa jikoni."

Hapo tu ndipo nilipomsikia akipandisha sauti. Siku zote aliongea chini chini, ukitaka kumsikia unasogeza kiti. Mtu anayedai sauti yako ivuke korido nzima, yake mwenyewe haivuki meza! Nilimwambia hivyo. Akasema yeye haimbi.

Na kweli hakuimba, si mbele yangu. Alipiga meza kwa kidole, alionyesha kwa mkono, alitembea mchezo mzima kutoka kona hii hadi ile, anajifanya mama, anajifanya polisi, anajifanya mchumba, lakini wimbo ukifika anaukariri tu kama shairi. Halafu ana misemo yake. "Mtu akishindwa kusema, anaimba. Akishindwa kuimba, anacheza. Akishindwa kucheza, anaomba koti yake." Tulicheka kila mara, naye kila mara alishangaa tunacheka nini.

Makoti yetu nayo aliyatawala. Usithubutu kutupa koti kwenye kiti. Alikuwa amepigilia misumari ukutani, sauti ya kwanza hapa, ya pili pale, na alitundika mwenyewe, akinyoosha kola kwa viganja viwili. Ukichelewa, msumari wako kwisha, unaimba umevaa koti. Mimi wa Södertälje, treni ikikwama kwa ajili ya barafu, ndiye niliyeimba na koti mara nyingi kuliko wote, jasho likinitiririka mgongoni. Na kichwa kinachungulia: haijafika. Kwa koti lile ingefikaje?

Hakuwahi kukanyaga Marekani. Mtoto wa dada yake alikuwa huko, akamwita mara kadhaa, akamwandalia mpaka karatasi. Akakataa. "Nitakuta nini? Wote wamekufa." Alichukia watu wanaotoka kabla maonyesho hayajaisha, aliwaita wasio na adabu, alisema wanawakata wasanii pumzi. Na yeye je? Hakuna harusi, hakuna msiba, hakuna ibada aliyokaa mpaka mwisho. Mchungaji akianza kufunga, Mwalimu keshanyanyuka. Ukitoka unamkuta mlangoni, makoti ya wazee mkononi, kila moja analijua la nani. Wengine waliona ni majivuno. Kanisani walimpachika jina la Kabla ya Amina, na alilijua, wala hakujali.

Nieleze sasa nilichokitaka mimi, nisije nikaonekana mgomvi tu. Nilitaka neno moja: imefika. Nilikuwa na sauti, hilo sijisifu, shuleni kwetu Tanga wote walinijua. Södertälje nilikuwa nalisha wazee kwenye nyumba ya kulelea, nawavisha soksi, na nilipowaimbia walinyamaza kunisikiliza. Mke wa mchungaji alinisifu. Mkenya alinisifu kwa Kiingereza, ambacho kwake kilikuwa cha hasira tu, kwa hiyo nilijua anamaanisha. Lakini sifa za bure hazikunishibisha. Nilitaka ya yule mzee wa kwenye korido, kwa sababu ndiye peke yake ambaye hakuwahi kumdanganya mtu. Ndivyo nilivyoamini. Wengine aliwahi kuwaambia. Mama Neema aliambiwa imefika mwaka wa pili, akapika chai huku analia. Mimi mwaka wa tatu, wa nne, wa tano, naambiwa haijafika.

Tulipenda zaidi saa ya chai. Hapo alituhadithia michezo mizima, mwanzo hadi mwisho, nasi tulisahau baridi. Ila kitu kimoja kilimsumbua yule Mkenya. Kila mchezo aliotuhadithia Mwalimu uliishia kwenye msiba. Mwanzo watu wanacheka, katikati wanapendana, wanacheza juu ya meza, mwishoni mtu anakufa, au wanaachana milele. Wote! Mwuza maua alikufa. Nahodha alikufa. Dada wawili waliogombania kofia, mmoja alikufa.

"Hawa Wamarekani wana matanga gani yasiyoisha?" Mkenya akauliza.

"Njo vile," akasema Mwalimu. "Maisha."

Nasi tukaona ni hekima, tukanywa chai.

Mwaka wa tano nikaamua kuomba nafasi kwenye shule moja ya watu wazima nje ya mji, yenye kozi ya mwaka mmoja ya musikali. Nilikuwa nimefika umri ambao ukisema mwakani, mwakani haiji. Usaili ulitaka wimbo mmoja wa mwisho wa mchezo, uuimbe na kuuigiza. Nikamwendea Mwalimu, akafurahi, akatoa kwenye mfuko wake karatasi ya wimbo aliyopewa na mpiga piano wa pale kazini. Ulikuwa wa mchezo wa msichana anayeuza mikate kwenye stesheni ya treni, huko mji mdogo wa Marekani. Mwanamume mmoja mwimbaji amemwahidi atarudi kumchukua. Msichana anangoja, msimu unaisha, mwingine unakuja. Mwisho treni inafika kwenye theluji, naye anaimba kwamba sasa anaondoka, wasimngoje, dunia yote mbele yake nyeupe.

"Na hapo anakufa," Mwalimu akasema. "Anaanguka polepole. Treni inapita."

Akanifundisha kuanguka. Haki yake nampa, alijua kufundisha kuanguka: goti, nyonga, bega, mkono wa mwisho. Kwa kuanguka hakutoka nje ya mlango, alisimama pale pale. Nilianguka kwenye sakafu ile ya Hallonbergen majira yote ya baridi mpaka paja likawa na alama. Nikajifunza kuimba mistari ya mwisho nimelala chali, pumzi inakatika kidogo kidogo. Mama Neema alilia kila Jumamosi.

Usaili ulikuwa mchana, kwenye chumba chenye piano na meza. Watu watatu nyuma ya meza, birika la kahawa katikati. Nikaimba. Nikaanguka, goti, nyonga, bega. Nikamaliza chini, macho nimefumba, mkono umenyooka kuelekea treni. Nikasema moyoni, nimewamaliza.

Mama mmoja mwenye nywele za mvi akasema kwa upole, kwa Kiswidi, "Sauti yako ni nzuri sana. Lakini niambie, kwa nini unakufa?"

Nikamjibu kutoka pale chini, "Ndivyo mchezo unavyoisha."

Wakatazamana. Mwanamume wa kushoto akakohoa ndani ya kikombe chake, na najua kikohozi na najua kicheko, kile hakikuwa kikohozi.

"Hafi," mama akasema. "Anapanda treni. Yule mwanamume anafika, kachelewa, na msichana anamwacha pale stesheni ameshika mikate. Ni wimbo wa kuchekesha. Watu wote wanacheka mpaka machozi."

Nilikuwa bado niko sakafuni. Wakaniambia nijaribu tena, niimbe kwa furaha, nipande treni. Ningepanda vipi? Miguu ilikuwa imekufa kweli. Barua ya kukataliwa ilikuja baada ya wiki chache, ya heshima, na sikuimaliza kuisoma.

Utasema ningeenda maktaba. Ningeuliza mtu. Najua! Nimejiambia hayo mara elfu, huna haja ya kunisaidia. Lakini nani anakwenda kumhakiki mwalimu wake? Ukiambiwa na mtu anayefanya kazi ndani ya jumba lenyewe, kila siku yuko pale, unaenda kuuliza nini maktaba?

Jumamosi iliyofuata ule usaili nilishuka kwenye ukumbi na sikumwamkia.

"Hafi, Mwalimu."

Alikuwa anatundika makoti. "Nani?"

"Msichana wa mikate. Hafi! Anapanda treni!"

Akashusha mikono. "Anapanda treni," akasema. "Na nani?"

"Peke yake."

"Lakini wale watu walitoka wanalia. Miye niliwaona, Tanzania. Wanapanguza macho, kila mtu."

"Walikuwa wanalia kwa kucheka!"

"Waswidi?" akasema. Na alishangaa kwelikweli. "Kwa kucheka?"

Ndipo nikaelewa. Nikamwuliza, "Mwalimu, mwisho wa mchezo ule uliuona wewe mwenyewe?"

Akachukua koti lililokwisha kutundikwa, akalitundika upya.

"Kuna mwisho wowote ulioona? Hata mmoja?"

"Mwishoni," akasema, "mtunza makoti eko kwa makoti."

Robo saa kabla mchezo haujaisha ilimbidi awe kwenye kaunta, maana wazee huanza kutoka kuwahi treni. Mwisho wote aliusikia kama mngurumo kupitia mlango, kisha mlango ukafunguka, akatazama sura za watu wakija na vibati vyao. Akiona wamenyamaza, wameachana. Akiona wanapanguza macho, kafa mtu. Jamani, sura za Waswidi! Watu wanaotoka harusini na watu wanaotoka mazikoni, kibarazani huwezi kuwatofautisha. Kwa sura hizo ndiyo aliua nahodha, akaua mwuza maua, akaua dada wa watu kwa ajili ya kofia. Na mimi akaniua mbele ya meza ya kahawa.

Sikunyamaza. Nilisema mengi, mengine nayaonea haya mpaka leo. Nilimwambia amekaa miaka anatufundisha asichokijua. Nilimwambia kama ni mwaminifu angesema sijui. La mwisho nilimwambia hivi, mbele ya kwaya nzima: "Wewe si mwalimu. Wewe ni mtunza makoti."

Alinitazama, hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Njo vile," akasema.

Akalitoa koti langu msumarini, akalishika wazi nivae. Nikamnyang'anya, nikaondoka nalo mkononi, nikavaa kituoni, ncha za vidole zimeshakufa ganzi.

Miaka ilipita sikukanyaga Hallonbergen. Mama Neema alinipigia simu, akanipa habari bila kuulizwa. Mwalimu kastaafu, wamempa maua. Mwalimu bado anatoka nje ya mlango. Mwalimu sasa akihadithia mchezo anafika katikati, anasema, "Mwisho siujui," anaomba chai. Hiyo ilinikera kuliko yote. Sasa ndiyo anasema hajui!

Kisha mwenzangu wa kazini akanipeleka kwenye kikundi cha maonyesho cha wapenzi wa jukwaa tu, wasiolipwa, huko Vällingby. Wauguzi, walimu, fundi bomba mmoja mwenye sauti ya kinanda. Nikaingia safu ya nyuma. Na mwaka wa pili, sijui ni Mungu au ni shetani, wakachagua mchezo wa msichana wa mikate. Mimi nilipewa kuwa abiria, na begi. Lakini mwishoni, msichana anapopanda treni na haoni pa kukaa, ni abiria huyo anayeimba, peke yake, bendi imenyamaza: "Kaa hapa, dada, kiti kipo." Mstari mmoja. Ukiimba huo, ukumbi wote unasubiri.

Sikupanga kumwalika. Miguu ndiyo iliyonipeleka Hallonbergen. Alinifungulia mlango amekonda, kola ya shati imempwaya.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Aksanti. Tanzania."

Nikamwekea tiketi mezani, nikamweleza ni mchezo gani. Nikamwambia, "Utakaa mpaka mwisho. Utamwona akipanda treni, na utaniona mimi nikimpa kiti. Niahidi."

"Nitakaa."

"Apa."

"Mkristo haapi. Nimesema nitakaa."

Maonyesho yalikuwa Jumamosi mchana, mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imeng'ang'ania. Nilichungulia pazia, nikamwona safu ya tano, kando ya njia, suti ya kahawia, mfuko wa plastiki magotini. Sehemu ya kwanza yupo. Baada ya mapumziko yupo, ameinama mbele, midomo inatembea. Nikafurahi, nisiseme uongo, nilifurahi mpaka nikakaribia kukosea hatua. Treni ikaingia. Msichana akamwacha mwanamume na mikate yake, watu wakacheka mpaka wakapiga viti. Akapanda, akatazama huku na huku. Bendi ikanyamaza. Nikavuta pumzi, nikatazama safu ya tano.

Kiti kitupu.

Niliimba. Ningefanya nini? "Kaa hapa, dada, kiti kipo," nikauimba kuelekea kile kiti, na kwa hasira niliyokuwa nayo sikukumbuka koo wala pumzi wala kitu chochote, niliutupa tu utakakofika ufike. Kisha taa, makofi, kuinama, maua. Sikungoja kubadili nguo. Nilitoka na begi la abiria mkononi.

Ukumbi ule haukuwa na mtunza makoti. Kulikuwa na vyuma tu vya kutundikia kwenye kibaraza, kila mtu na lake, hata sisi waigizaji, na wakati tunaanza yalikuwa yamerundikana, mengine yameanguka chini kwenye maji ya theluji. Sasa yalikuwa yamenyooka safu kwa safu, kola zimekaa sawa. Mwalimu alikuwa amesimama mbele yake, na Waswidi wamepanga foleni wenyewe, hawajui hata kwa nini. Hakukuwa na vibati. Alimtazama mtu, akageuka, akamletea koti lake. Aliwatazama wakiingia, basi, alikuwa ameyashika yote kichwani.

"Uliniahidi!" nikamwambia. Kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya watu wote.

"Bibi mmoja wa nyuma alitoka kuwahi treni," akasema. "Koti yake ilikuwa chini ya zingine. Alihangaika. Nikasema nimsaidie nirudi. Halafu mlango ukafungwa."

"Ungefungua!"

"Huwezi kufungua mlango mtu akiimba."

Nilihisi machozi yananipanda, na niliyachukia. "Nilitaka unione, Mwalimu. Mara moja tu. Miaka yote unanisikiliza, sikutaka kusikilizwa, nilitaka unione!"

Mzee mmoja wa Kiswidi alikuwa anavaa glavu, bado anatabasamu, anajifuta machozi kwa skafu. Mwalimu akamtazama mpaka akamaliza.

"Anapanda treni," akasema. "Ulikuwa na haki. Leo nimeangalia sura vizuri." Kisha akaniletea koti langu. Hakuniuliza lipi, na lilikuwa jipya, hakuwahi kuliona. Akalishika wazi, mikono miwili. "Ile mstari yako. Ulichelewa kidogo kuingia."

"Nilikuwa natafuta kiti chako!"

"Imefika," akasema. "Mpaka hapa."

Nilikuwa nimeingiza mkono mmoja. Miaka kumi nimelingoja neno lile, na alilisema kwa ile sauti yake ya chini, kwenye kibaraza chenye kelele, watu wanasukumana, mlango wa nje unafunguka na kufungwa. Nilitaka arudie. Nilitaka alitamke tena polepole, nilisikie vizuri, nijue sikulibuni. Lakini nyuma yangu alikuwepo bibi mwenye fimbo, anangoja, na Mwalimu alikuwa ameshageuka kumtafutia koti lake.